Mbio za Baiskeli na Barua Tuliyoijibu Vibaya



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha juma jingine, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu walitarajia leo tuendelee na mlango wa malezi ya mayatima. Twaomba radhi. Mlango huo utarudi juma lijalo inshaallah, kwani liko deni lililotukaa shingoni tangu siku ya tatu ya Idi, na mwenye deni hapendezi kuwahubiria watu kabla hajalipa.

Kisa chenyewe kilianza kwa swali la fiqhi. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, vijana watano wa mtaani walitujia tukiwa bado tumeketi kwenye mkeka. Walikuwa wameona kwenye simu zao mashindano ya baiskeli ya Ubelgiji ambayo hayakimbiwi kwenye lami. Mpandaji hupita katika nyasi, matope, mchanga na vilima. Na afikapo mahali ambapo baiskeli haipiti, hushuka, huitia begani, akakimbia nayo, kisha huirukia tena. Mchezo huo huitwa saiklokrosi. Ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na ubingwa wake wa kwanza wa dunia ukashindaniwa Paris mwaka 1950. Lakini waliouchukua ukawa kama mali yao ni Wabelgiji. Mmoja wao, Eric De Vlaeminck, aliutwaa ubingwa wa dunia mara 7. Mbio zenyewe huchukua kama saa moja tu, wakizunguka njia fupi ile ile, na huchezwa zaidi majira ya baridi na mvua, watu wakisimama matopeni kuwatazama wenzao wakianguka. Tulicheka. Kila taifa lina namna yake ya kujitafutia taabu.

Vijana wakasema: Maalim, matope sisi tunayo, na mchanga tunao. Wala hawakusema uongo. Sisi tulio upande wa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, masika yakiingia mto hushuka na udongo mwekundu hata bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Na mchanga wetu una vilima ambavyo wageni huvipanda kutoka mbali kuja kuvipiga picha. Walitaka kufanya mbio zao siku ya tatu ya Idi. Swali lao lilikuwa hili: kila mshindani atoe shilingi 200, na wa kwanza achukue zote. Je, yafaa?

Tukawaambia haifai. Watu wakitoa fedha wote na mmoja akaondoka nazo, wengine wakarudi mikono mitupu, hiyo ni kamari hata ikivishwa kanzu ya michezo. Mlango wa mashindano na zawadi zake una mapana katika vitabu vya fiqhi, nasi si leo tutakapoufungua wote. Tuliwashauri waziache fedha zao mifukoni, na mtu asiyeshindana awalishe wote pilau baada ya mbio, aliyetangulia na aliyechelewa.

"Basi utatulisha wewe, Maalim?"

Tukasema tutawalisha.

"Na utapanda pia?"

Aliyeuliza ni kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na aliuliza kwa mzaha. Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakajizuia kwa adabu. Ni ule kujizuia kwao kulikotuuma. Mtu akikucheka waweza kumsamehe. Akikusitiri kwa huruma, unajua kwamba ameshakuona ulivyo. Tukasema: "Tutapanda."

Hapa lazima tuseme ukweli. Sisi tulipokuwa vijana, miaka ya themanini, tulikuwa tukienda Malindi kwa baiskeli kusoma na kurudi, jua na mvua, na hatukukumbuka kuchoka. Picha hiyo ya nafsi zetu tulikuwa tungali tumeitundika ukutani mwa moyo, hali mwenyewe aliyepigwa picha keshaondoka zamani. Kazi yetu ni kuketi. Tunaketi kusomesha, tunaketi kusoma, tunaketi kuandika, na tukialikwa katika ndoa na maulidi, tunaketi mbele ya sinia. Na Ramadhani, ambayo ingepasa kutupunguza, wasomaji wetu wanawake wanajua vizuri kuliko sisi yanayopita jikoni kati ya alasiri na magharibi: viazi karai, kaimati, tambi, mkate wa sinia, na mbaazi za nazi zisizokosa. Mwezi tuliofunga ndio mwezi tulioongeza uzani.

La pili ni zito zaidi. Miezi minne kabla ya hapo muuguzi alitufunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akapata 158 juu ya 98. Akarudia, ikawa vivyo hivyo. Tulipewa vidonge, tukavimeza mwezi mmoja; tulipojiona wazima tukaviacha, tukavitia nyuma ya vitabu vya tafsiri ambako hakuna mtu apangusaye vumbi. Mama watoto hatukumwambia, wala kuhusu kupimwa wala kuhusu kuacha.

Siku ikafika. Baiskeli yetu ni ile nyeusi ya chuma ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba, yenye kibebeo cha nyuma kinachoweza kuchukua gunia. Haipungui kilo 20. Tulivaa suruali ndefu tukaipenyeza ndani ya soksi ili mnyororo usiitafune, shati la mikono mirefu, na kofia. Fundi wa baiskeli wa mtaani alitutazama akasema, "Maalim, punguza upepo. Mpira ukiwa mgumu mchangani utazama kama kisu." Nasi tukaona: huyu anatufundisha baiskeli? Tukatwaa pampu tukaongeza upepo. Baadaye tulifahamu kwamba hata hao Wabelgiji hupanda na mipira laini ili tairi litandae juu ya udongo na kuushika. Fundi hakupata kuwaona Wabelgiji. Alijua kwa kuwa ameishi.

Njia ilikuwa ya mzunguko, kama kilomita mbili kwa kukisia. Ilianzia kiwanja cha madrasa, ikapita katikati ya minazi, ikashuka penye bonde ambapo maji ya mvua yalikuwa yametuama siku kumi, ikavuka gogo la mnazi lililolazwa makusudi, kisha ikapanda kilima cha mchanga na kurudi kwa njia ya nyuma ya msikiti. Mizunguko mitano. Tulikuwa washindani kumi na tisa. Kumi na wanane wao wote kwa pamoja wasingeweza kutoa ndevu moja nyeupe.

Mzunguko wa kwanza, kuanzia kiwanjani hadi mwisho wa minazi, tulikuwa wa saba. Tunalitaja hilo kwa kuwa hatutapata tena nafasi ya kulitaja. Watoto wa madrasa walikuwa wakipiga kelele, "Maalim! Maalim!" na upepo ulikuwa ukiingia ndani ya shati, nasi tukajisemea kwamba kumbe yule kijana wa miaka ya themanini bado yumo. Kisha likaja bonde.

Matope ya udongo mwekundu hayafanani na kitu kingine. Gurudumu la mbele liliingia, la nyuma likafuata, na tukakanyaga pedeli kwa nguvu zetu zote bila ya baiskeli kusonga, kama mtu anayesukuma ukuta. Tukashuka. Kiatu kimoja kilibaki. Tulipoinama kukitoa, watu sita walikuwa wameshatupita, kila mmoja akisema, "Samahani, Maalim," na kila mmoja akitumwagia matope. Penye gogo tulijaribu kuitia baiskeli begani tulivyowaona vijana wakifanya. Zao ni nyepesi. Yetu ilituinamisha upande mmoja, pedeli ikatugonga mbavu. Ilibidi tuiburute juu ya gogo kama anayemvusha punda asiyetaka.

Kilimani ndipo palipokuwa na mambo. Mipira yetu migumu ilizama pale pale fundi aliposema itazama. Tukaisukuma kwa mikono. Mchanga ulikuwa ukirudi chini kwa kila hatua, na jua la saa nne, ambalo kwa mtu aliyeketi kibarazani ni la kupendeza tu, lilikuwa limetukalia kisogoni. Tuliufika mwisho wa mzunguko wa kwanza tukiwa wa mwisho. Hapo tungeweza kuacha. Watu wangetupigia makofi, pilau ikaliwa, na kisa kikaishia hapo. Lakini watoto walikuwa wakitutazama, nasi tumewahutubia mara ngapi juu ya subira! Tukaendelea.

Katikati ya kilima, mzunguko wa pili, kifua kilibana. Hakikuuma, kilibana tu, kama mtu aliyefungwa leso kifuani na mtu mwingine anaikaza kwa nyuma. Masikio yakavuma. Macho yakaona vitone vyeupe. Tuliketi mchangani, baiskeli ikiwa imetulalia miguuni, tukatamka kalima, kwa kuwa hatukujua kama ni wakati wake au si wakati wake. Na fikra iliyotujia, Mungu atusamehe, haikuwa ya kaburi wala ya hesabu. Ilikuwa ya vidonge vilivyo nyuma ya vitabu. Tulimwona mama watoto, siku kadhaa baada ya matanga, akipangusa rafu ile, akikiona kichupa, akikihesabu.

Yule kijana aliyetuuliza kwa mzaha alikuwa akija kwa mzunguko wake wa tatu, akiwa wa pili katika mbio, mkabala na wa kwanza. Alipotuona aliiangusha baiskeli yake. Huyu ni mwanafunzi ambaye tulizoea kumwita mzito mbele ya wenzake kwa sababu ya kuchelewa darasani. Akatuinua, akatukokota hadi kivulini, akatufungua vifungo vya shati, akamwita mtu alete maji. Tulimwambia, "Nenda, umepitwa." Akasema, "Nitapanda mwakani, Maalim." Alimaliza wa kumi na moja.

Alhamdulillahi, kifua kiliachia baada ya muda. Jioni ile ile tulipelekwa zahanati. Hatukuwa na hiari, mama watoto alikuwa amekwisha ita tuktuk. Moyo ulikuwa salama. Presha haikuwa salama. Na muuguzi, mbele yake, akauliza: "Sheikh, vile vidonge unaendelea kumeza?"

Wasomaji wetu wenye ndoa hawahitaji tuwasimulie ukimya uliokuwemo ndani ya tuktuk wakati wa kurudi.

Tukiwa kitandani usiku, miguu ikiwa kama magogo, tuliikumbuka hadithi ambayo tumeisomesha miaka mingi bila ya kuiona. Ibn Umar (r.a.) ameeleza, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliokwisha kuandaliwa, yaani waliolishwa kisha wakapunguzwa chakula kwa utaratibu hata miili ikakaza, kutoka mahali paitwapo Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa. Wale ambao hawakuandaliwa aliwashindanisha kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Wapokezi wanasema masafa ya kwanza ni maili tano au sita. Ya pili, maili moja tu. Sisi tulikuwa tukiitumia hadithi hii kuthibitisha kwamba mashindano ni halali, kisha tunageuza ukurasa. Hatukupata kusimama penye ile maili moja. Farasi ambaye hakuandaliwa hakufukuzwa kiwanjani, wala hakudharauliwa, wala hakubebeshwa masafa ya mwenzake. Alipewa masafa yake. Laiti tungewaambia wale vijana: tupeni mzunguko mmoja. Wangetupa kwa furaha.

Mama watoto alikuwa akitukanda miguu kwa mafuta ya nazi. Alikuwa hajasema neno tangu magharibi. Kisha akasema:

"Baba watoto, waikumbuka ile barua ya wanawake waliotaka kutembea?"

"Barua gani?"

"Uliyoijibu kwamba kukuna nazi kwatosha."

Tuliikumbuka. Yapata miaka miwili sasa, ilitufikia barua isiyo na jina kwa safu hii. Mwandishi wake aliuliza kama yafaa wanawake wa mtaa, kwa stara zao, wakutane baada ya alfajiri watembee kwa miguu kandokando ya bahari kwa ajili ya afya. Tuliijibu kwa mistari minne. Tulisema mwanamke wa Kiislamu ana kazi za nyumbani za kumtosha, na kwamba anayefagia, kufua na kukuna nazi hahitaji kutafuta mazoezi nje. Tuliona tumejibu kwa hekima. Watu wawili watatu walituamkia msikitini na kutusifu.

"Naikumbuka," tukasema.

"Niliiandika mimi."

Tukauliza kwa nini hakutuuliza papo hapo nyumbani, chumba kimoja, kitanda kimoja.

"Nikikuuliza nyumbani wanijibu kama mume. Nilitaka unijibu kama sheikh."

"Na nilikujibu vipi?"

"Hukunijibu kama mmoja wao."

Daktari alikuwa amemwambia sukari yake imeanza kupanda, na kwamba atembee nusu saa kila siku. Hakutuambia, na baada ya kusoma mistari ile minne hakuona sababu ya kutuambia. Kwa hiyo katika nyumba moja tulikuwa watu wawili, kila mmoja na siri yake ya zahanati. Tumemwomba idhini ya kuyaandika haya, naye ametoa, kwa sharti kwamba tuyaandike yote.

Basi hili ndilo deni. Jibu letu la wakati ule lilikuwa kosa, na twalirudisha hapa pale pale lilipochapishwa. Hatukuegemea aya wala hadithi wala kauli ya mwanachuoni; tuliegemea mazoea yetu, tukayavisha kilemba. Kazi ya nyumbani huchosha, lakini kuchoka na kupata mazoezi si jambo moja. Angekuwa kila aliyechoka ana siha, mama zetu wasingejaa kwenye foleni za kliniki za sukari na presha. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, nao humaanisha mwendo unaoufanya moyo upige.

Na hoja kubwa zaidi ya hiyo tulikuwa nayo katika vitabu vyetu wenyewe. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea, kwamba alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakashindana mbio kwa miguu, naye Bibi Aisha akashinda. Muda ukapita, akanenepa, wakashindana tena, na safari hii Mtume (s.a.w.) akamtangulia, akamwambia kuwa ushindi huu ni badala ya ule. Katika mapokezi mengine imo kwamba aliwaambia watu watangulie kwanza ndipo wakakimbia. Tazameni: stara imehifadhiwa, na mbio zimekimbiwa. Na mwenye kutusimulia kwamba mwili wake uliongezeka na akashindwa ni yeye mwenyewe, bila ya haya na bila ya kujificha. Sisi tulificha kichupa nyuma ya tafsiri.

Masharti ya stara hayajaondoka: mavazi yake, mahali pa amani, wakati usio na msongamano, na wenzi wa kuaminika. Hayo yalikuwamo tayari ndani ya ile barua. Mwandishi aliyataja mwenyewe, nasi hatukuyasoma kwa makini. Mwenye maradhi na apimwe kwanza, na aanze na maili yake moja. Mwenye vidonge na avimeze. Hata hili tulikuwa hatustahiki kulisema juma lile.

Kijana yule sasa tumemhamishia safu ya mbele darasani. Bado huchelewa.

Wanawake wameanza. Juma la kwanza walikuwa wanne, Jumamosi iliyopita kumi na mmoja, baada ya alfajiri, buibui zao zikipepea kwenye ufuo usio na mtu ila wavuvi wanaokokota nyavu mbali. Sisi hubaki na mjukuu, na uji umekwisha tuchemkia na kumwagika mara mbili. Na jioni baada ya isha, siku ambazo hakuna darsa, tunatoka wawili tu, yeye na sisi, tunaitembea ile njia ya mchanga inayoelekea bahari. Juzi kiza kilikuwa kimeshika vizuri, akatazama nyuma, akatazama mbele, akanyanyua pindo la buibui, akasema, "Mpaka penye ule mkoko."

Alitupita kwa hatua nyingi. Hatukumwambia lolote. Twangoja zamu yetu.